Stika Mbili na Mguu wa Nalongo

Simu yangu ikilia siku hizi, huwa ni mjukuu anayetaka kujua kama nyoka ana magoti, au mtu aliyekosea namba akitafuta fundi wa mabomba. Nikimwambia amekosea, anaomba radhi, nami simwachii hapo, namuuliza bomba lenyewe lina shida gani. Hamwezi kuielewa raha hiyo, wanangu, mpaka mkae muda kama niliokaa mimi katika kazi ambayo kila simu iliyolia ilikuwa na ajali ndani yake. Usiku wa kwanza wa kustaafu nilikoroma, mke wangu anasema, mpaka mabati yakawa yananyanyuka na kushuka. Nadhani alipunguza kwa heshima.

Sasa ninyi vijana wa bima mmenitia kwenye kundi lenu la simu, na nasoma mnavyorushiana maneno. Nusu yenu mnataka kanda nzima iwe na msimamizi mmoja wa bima, mwenye fimbo ndefu ya kufika kila nchi. Nusu nyingine mnasema hapana, kila nchi ibaki na mamlaka yake, kwa kuwa mtu wa Kampala akidhulumiwa hawezi kupanda basi kwenda kulilia mji wa watu. Halafu mmoja akaandika, "Mbona Mzee Wafula yuko kimya?" Sikuwa kimya. Nilikuwa natafuta miwani. Nimeipata, ilikuwa kichwani.

Kwa wasionijua: mimi ni Mkenya wa upande wa Busia, mtoto wa mpakani kabisa, niliyekuja Kampala kijana mwembamba nikaajiriwa kubeba mafaili katika ofisi ya bima. Kazi ikiisha nilikuwa nakwenda shule ya jioni. Mwalimu wetu wa sheria ya bima akifungua kinywa tu, umeme unakatika, naye hakujali, aliendelea kufundisha gizani. Ndiyo maana sheria nyingi nazijua kwa sauti, si kwa sura. Nikahitimu hivyo hivyo. Joho la mahafali nilitembea nalo kutoka ukumbini hadi nyumbani, nikala nalo chakula cha jioni, na majirani wakadhani nimekuwa askofu. Baada ya hapo nikapandishwa cheo: nikaacha kubeba mafaili, nikaanza kuyafungua.

Kabla ya kunishambulia kuhusu kanda na nchi, nisikilizeni kwanza kuhusu nyumba ya kupanga.

Nilipokuwa nakaa Ntinda, nilikuwa na mwenye nyumba, na mtaa ulikuwa na mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, kama kila mtaa hapa. Bomba likivuja chumbani, unamwendea mwenye nyumba. Mbuzi wa jirani akila shati lako kwenye kamba, unamwendea mwenyekiti. Mambo yako wazi, kila mtu anakunywa chai yake kwa amani. Lakini siku moja bomba la chumbani kwangu likavuja, maji yakapita chini ya mlango yakaenda kulowesha ukuta wa jirani, ukuta ukaanza kubomoka. Mwenye nyumba akasema, ukuta uko nje, huo ni wa mwenyekiti. Mwenyekiti akasema, maji yametoka ndani, hayo ni ya mwenye nyumba. Nilitembea katikati yao mpaka soli za viatu zikawa nyembamba kama chapati, nikikanyaga karanga naijua ni mbichi au ya kukaanga.

Bima ya magari yanayovuka mpaka ni ule ukuta uliolowa.

Kampuni ya bima huzaliwa katika nchi moja, na mamlaka ya nchi hiyo ndiyo mama yake. Inaipa leseni, inaikagua, inaichapa ikikosea. Mama wa jirani hana ruhusa ya kuichapa. Lakini lori halina mama. Lori linapakia vitunguu Kenya asubuhi, kesho yake liko Kalerwe, soko la Kampala, linarudi nyuma, na likimgonga mtu hapo, aliyegongwa ni wa Uganda na bima ni ya Kenya. Ndiyo sababu nchi zetu zikakubaliana kuhusu kadi ya njano. Mwenye lori anainunua kwao, anaingia nayo huku bila kulazimika kununua bima nyingine. Akimuumiza mtu huku, sheria ya huku ndiyo inayotumika. Ofisi ya kadi iliyo huku inamshughulikia majeruhi kama vile bima ni yake. Halafu kampuni iliyotoa kadi inarudisha gharama. Mimi nilikuwa katika ofisi hiyo ya huku. Kwenye karatasi kazi yetu ilikuwa laini kama ndizi iliyoiva. Nje ya karatasi kulikuwa na mfupa.

Aliyenifundisha mfupa huo ulipo ni mkuu wetu wa madai, Madam Akello. Alikuwa binti wa sajini, amezaliwa na kukulia katika kambi za jeshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kisichoomba radhi kwa sarufi yoyote. Muhuri wa ofisi hakuuacha kwenye droo hata siku moja. Aliutembeza ndani ya mkoba wake, umefungwa kwenye leso, pamoja na simsim, yaani ufuta, aliyokuwa akitafuna mchana kutwa. Barua nyingi muhimu za ofisi yetu zilitoka na mbegu moja au mbili za simsim zimegandia kwenye wino, na nawaambia hakuna mtu aliyewahi kughushi barua zetu. Angepata wapi simsim ya namna ile?

Siku yangu ya kwanza chini yake nilikuwa nimejifungia na faili la ajali, nasoma kwa bidii ya mtu aliyetoka kuhitimu. Akaja akasimama mlangoni.

"Wafula, wewe nasoma nini?"

"Faili, Madam. Nataka kujua gari lina bima gani."

"Gari iko wapi?"

"Polisi, Madam."

"Basi kwa nini wewe iko hapa? Karatasi naandikwa na mutu. Kioo ya gari hapana andikwa na mutu. Enda soma kioo!"

Hilo ndilo somo la kwanza nawapa bure: someni kioo cha mbele kabla ya faili. Madereva wa masafa marefu hawabandui stika ya zamani ya bima, wanabandika mpya juu yake, kwa hiyo kioo kinahifadhi historia yote ya lori, safari kwa safari. Lowesha kitambaa maji ya vuguvugu, kigandamize, subiri, kisha bandua pole pole ukianzia pembeni. Msitumie wembe. Mimi nilitumia wembe mara moja, nikaondoka na nusu ya stika na nusu ya kidole. Niliwahi kuona lori lenye stika nyingi kiasi kwamba dereva alikuwa anaangalia barabara kupitia tundu la ukubwa wa sahani ya chai. Nilipomuuliza kama anaona vizuri, alisema, "Mzee, mbele naona. Pembeni naamini."

Mazoea yale ya stika yalitoka mpakani, na mimi kama mtoto wa mpakani nawajua mawakala wake tangu nikiwa na kaptula. Dereva anafika na kadi yake ya njano, safi, halali, imelipiwa. Wakala anamwendea kwa huruma kama shangazi. "Bosi, kadi ni nzuri, lakini huko mbele watakusumbua. Chukua na stika ya Uganda, uwe salama mara mbili." Dereva ananunua. Kichwani mwake bima mbili ni kama blanketi mbili, baridi haiingii. Lakini bima mbili, wanangu, ni kama wapishi wawili katika sherehe moja. Kila mmoja anaamini mwenzake ametia chumvi.

Hapo ndipo alipoingia Nalongo.

Nalongo maana yake mama wa mapacha, na pale Kalerwe hakuna aliyemwita kwa jina jingine. Aliuza nyanya. Asubuhi moja lori la vitunguu kutoka Kenya lilikuwa linarudi nyuma kuingia mahali pa kushushia, dereva kijana anaitwa Mwangi anaangalia kioo cha kulia, Nalongo yuko kushoto ameinama anapanga kreti zake. Tairi halikumpitia, lakini bodi ya lori ilimbana mguu kwenye nguzo. Tulipopata habari, alikuwa tayari amefikishwa hospitali moja ya watu binafsi iliyokuwa karibu, Mwangi yuko kituo cha polisi, na vitunguu vimekaa juani vinatoa harufu mtaa mzima.

Nilianza na kioo, kama nilivyofundishwa. Kadi ya njano ya kampuni moja ya Nairobi ilikuwepo, na kando yake stika mpya kabisa ya kampuni moja ya Kampala. Wapishi wawili.

Hospitalini nilimkuta Madam Akello ameshafika, anazungumza na daktari ukumbini. Daktari alikuwa kijana mpole mwenye macho ya mtu asiyelala.

"Mfupa umepasuka vibaya," alituambia, "na damu haifiki mguuni inavyotakiwa. Tumemtuliza maumivu na tumeusafisha. Nikifungua leo na kuweka vyuma, mguu una nafasi. Tukikaa mpaka kesho, nitakuwa nazungumza habari ya kukata."

"Na nini nakuzuia?" Madam akauliza.

"Vyuma na daktari bingwa vinatoka nje ya hospitali hii. Utawala unataka barua ya dhamana kutoka bima. Wameniambia ziko bima mbili, kwa hiyo nilidhani barua zitakuwa mbili." Akatabasamu kidogo. "Sijaona hata moja."

Nikaingia kumwona Nalongo. Nilitegemea kumkuta analia. Nilimkuta anagombana na muuguzi kuhusu kreti za nyanya alizoziacha sokoni.

"Ssebo, wewe ndiye mutu ya bima?"

"Ndiyo, nnyabo. Pole sana."

"Pole naiweka hapo pembeni. Wewe sikiliza. Wakubwa yako, waambie hii mguru si ya kukaa kwa picha. Kalerwe hakuna kiti. Mimi nauza nimesimama, nabeba nimesimama, hata kula nakula nimesimama. Wakikata, nani naweka watoto wangu kwa shule?"

"Tutajitahidi, nnyabo."

"Usijitahidi, banange! Fanya!"

Nikatoka kufanya. Na kilichofuata ndicho mnachobishania kila siku kwenye kundi lenu, isipokuwa ninyi mnabishana mkiwa mmekaa.

Nilipiga simu kwa kampuni ya Kampala iliyotoa stika. Wakasema, kwa adabu kamili, gari hilo lilikuja na kadi, stika haikupaswa kuuzwa kwake, wakala alikosea, kwa hiyo hiyo ni ajali ya kadi. Nikapiga Nairobi kwa kampuni ya kadi. Akapokea bwana mmoja mwenye sauti ya mtu anayezungusha kiti.

"Mzee wangu, hiyo gari iko na stika ya huko, sindio?"

"Iko nayo."

"Sasa, si huyo wa stika ndiye wa kwanza? Sisi tukijiingiza, mamlaka yetu ya huku itatuuliza kwa nini tumelipia kitu kimeshakingwa na mwingine."

"Lakini mguu wa mtu unakufa, ndugu yangu."

"Naelewa, mzee. Naelewa kabisa. Niandikie imeili."

Nikapiga kwa mamlaka ya bima ya hapa Kampala: nani analipa? Wakanijibu kwamba kampuni ya kadi ni ya Kenya, hawana uwezo wa kuiamuru, niulize Kenya. Nikapiga kwa mamlaka ya Nairobi: nani analipa? Wakanijibu kwamba ajali imetokea Uganda na stika ni ya Uganda, niulize Uganda. Wala siwalaumu. Kila mmoja alisema kweli. Mimi nilikuwa nimerudi Ntinda, na maji yanapita chini ya mlango.

Sisi wenyewe hatukuweza kutoa barua hivi hivi. Kanuni yetu ilikuwa kwamba aliyetoa kadi athibitishe kwanza kuwa kadi ni yake, kwa sababu kadi bandia zilikuwepo, nyingine zimechapwa vizuri kuliko za kweli. Siku hizi ninyi mnaelekeza simu kwenye kadi, inalia ti!, kadi inajitambulisha yenyewe kama mwanafunzi gwaride. Sisi tulikuwa tunamngoja binadamu, na binadamu yule alikuwa anazungusha kiti.

Madam Akello alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini na mkoba mapajani. Nilimsimulia simu zote nne, nikitegemea atakasirika na Nairobi. Alinikasirikia mimi.

"Wafula, wewe naulizaje?"

"Nawauliza nani atalipa, Madam."

"Wote?"

"Wote."

"Ndiyo sababu nakuzungusha kama mandazi kwa mafuta." Akafungua mkoba, akala simsim kidogo, nikajua sasa anafikiri. "Sikiliza. Kwetu barracks, mtoto ya sajini nakuja kwa line ya makoplo, napiga mtoto ya koplo. Baba yake naitwa. Wewe nafikiri baba naulizwa adhabu ni gani?"

"Sijui, Madam."

"Hapana! Baba naulizwa kitu moja tu: huyu ni mtoto yako? Akisema ndiyo, imekwisha, anatoka. Adhabu ni kazi ya mukubwa ya ile kambi, kwa sababu vita nafanyika kwa kambi yake. Na yeye hapana uliza mtoto ni ya nani. Kila mutu na swali yake. Wewe nachukua swali moja napeleka kwa wote, basi kila mutu naona pahali ya kutorokea."

Nilisimama pale nikahisi kama umeme umerudi darasani.

Nikaanza upya. Kwa mamlaka ya Kampala sikutaja kabisa nani atalipa. Nilimpata binti mmoja, sauti ya upole, nikamuuliza: kwa sheria ya nchi hii, mtu aliyegongwa hapa na gari lenye kadi halali, je, stika ya ziada inamwondolea haki ya kutibiwa kwa kadi hiyo? Nikasikia kurasa zikifunuliwa. "Hapana, mzee," akasema. "Majeruhi hahusiki na stika. Hilo ni la kampuni kwa kampuni, watatatua baadaye." Nikamwomba aniandikie hivyo hivyo, mstari mmoja, nisiongezewe hekima yoyote. Akaandika. Mungu ambariki, mpaka leo simjui sura.

Kisha Nairobi. Kwa mamlaka yao nikasema: sitaki mmuamuru mtu alipe. Nataka mumuulize mtoto wenu, ile kampuni ya kadi, swali moja, kadi hii ni yake au si yake, na ajibu kabla ya saa ya chai. Aliyepokea pale akasema, "Hilo tu?" Nikamwambia hilo tu. "Hilo tunaweza."

Tukakaa. Sijui tulikaa muda gani. Kwa hesabu za moyo wangu ilikuwa tangu Nuhu hadi jana. Daktari alipita mara ya kwanza akatutazama. Alipita tena, safari hiyo hakututazama, na hapo ndipo niliogopa kweli. Kutoka chumbani tulimsikia Nalongo akimuuliza muuguzi kwa nini vidole vya mguu ule vimekuwa baridi hivyo. Muuguzi alisema kitu kwa sauti ndogo.

Simu yangu ikalia. Ni yule bwana wa kiti. Nikaweka sauti nje, Madam akasogea.

"Mzee wangu, nimepigiwa simu na watu wa mamlaka. Sasa kuhusu ile kadi, inategemea tu na—"

Madam Akello akaninyang'anya simu.

"Kijana! Mimi hapana uliza inategemea na nini. Kadi ni yenu?"

"Madam, kuna ile stika—"

"Stika naijua, nimeiona, iko rangi mbaya. Kadi ni yenu, ama ni ya jirani?"

Kiti kikaacha kuzunguka, naapa nilikisikia.

"Ni yetu, Madam. Ni halali."

"Asante. Andika hivyo, tuma. Stika tutagombana mwaka mzima kama wewe napenda."

Ujumbe ulipoingia, Madam aliweka karatasi juu ya kaunta ya hospitali, akaandika dhamana kwa mkono wake, akafungua leso, akagonga muhuri. Mwanamke wa kaunta akaiinua, akaitazama kwenye mwanga.

"Hii ni nini hapa kwenye wino?"

"Ni alama ya usalama," nikamwambia.

Walimpeleka Nalongo chumba cha upasuaji mchana ule ule. Alipopitishwa mbele yetu kitandani alinyoosha mkono akamshika Madam kiunoni, akamwambia jambo kwa Kiganda, na Madam, ambaye Kiganda chake kilikuwa kibaya kuliko Kiswahili chake, akamjibu kwa Kiacholi. Wakaelewana vizuri sana.

Nilimwona daktari akitoka jioni, kofia ameivua, nywele zimelala upande mmoja. "Mguu umekaa," alisema. "Damu inafika." Madam Akello akakaa chini sakafuni, hakutafuta benchi, akaegemea ukuta na mkoba wake wazi, simsim zinamwagika. Mimi nilicheka. Nilicheka vibaya, kama punda, mpaka mlinzi akaja kuona kuna nini. Sikumbuki kama nimewahi kuwa mwepesi hivyo tena, hata siku niliyostaafu.

Mwangi alitoka kituoni baada ya siku chache na hakutazama tena kioo cha kulia peke yake maisha yake yote, au ndivyo alivyoniahidi. Vitunguu, Mungu avirehemu. Na ugomvi wa stika? Barua kati ya kampuni mbili zile ziliendelea kupita mezani kwangu msimu baada ya msimu. Mabwana walioanza kuandikiana walistaafu, wakaachia wengine, ambao nao walijuana kwa barua hizo tu mpaka wakaanza kuulizana habari za familia. Sikuwahi kusikia ziliishia wapi, na nawaambia ukweli, sikuuliza. Majeruhi hakuwa anazingoja.

Kwa hiyo mkitaka maoni yangu juu ya mmoja wa kanda au kila nchi na wake, ni haya. Muacheni mkubwa wa kanda aangalie kinachosafiri: kadi, kampuni, na fedha za kurudishiana. Muacheni wa karibu aangalie kinachobaki. Lori linavuka mpaka, mguu uliovunjika hauvuki, unalala pale pale ulipogongwa, na mwenye mguu anahitaji mtu anayeweza kumfikia kwa miguu yake. Mkimpa mmoja kazi zote mbili, mguu utangoja. Mkiwapa wawili kazi ile ile moja, utangoja zaidi. Na mkiwa na shida, kabla ya kupiga simu, jiulizeni kwanza ni swali lipi ambalo mtu huyo hana pa kulitorokea. Mengine yote mtayakuta vitabuni, na siku hizi umeme upo.

Niliacha kazi, Madam Akello akarudi kwao kaskazini ambako nasikia ni mwenyekiti wa kila kitu. Mimi nimebaki hapa, na mke wangu hunituma sokoni ili nisimkalie jikoni. Juzi juzi nikawa Kalerwe, nanunua nyanya. Nalongo ameongeza meza, bado hana kiti. Ananipimia, ananipunja kidogo kama anavyompunja kila mtu anayempenda, mara akageuka. Kijana wa bodaboda alikuwa amefunga kreti nyuma ya pikipiki yake, na kreti si ya mteja wake, ni ya Nalongo, nyanya zile kubwa za hoteli. Pikipiki ikaanza kuondoka taratibu kati ya watu.

Nalongo akaangusha mzani. Akaruka mfereji, akapita kati ya mikokoteni, gomesi, lile gauni lake refu, ameikunja kwa mkono mmoja, anapiga kelele zilizofukuza njiwa mpaka Port Bell ziwani. Mguu ule ulikuwa unagonga lami sawasawa na mwenzake. Akamfikia, akashika kreti, pikipiki ikazima, kijana akaanza kuapa kwamba amekosea mzigo, na soko zima likacheka.

Akanitazama kwa mbali, anahema, kreti kichwani.

"Wewe Mukenya! Unasimama hapo nacheka nini? Huwezi kunisaidia kukimbia?"

"Hapana, nnyabo," nikamwambia. "Kimbia tu mwenyewe."